Gusa au Punga? Keki Iliyopotea Ukutani

Mwezi huu nilipanga tuzungumzie wivu, tena nusu ukurasa ulikuwa umeshaandikwa. Lakini Jumapili moja saa mbili usiku geti langu likagongwa na watu wawili waliokuja kwa gari moja huku hawasemeshani. Nikajua wivu utasubiri.

Waliokuja ni shosti wangu wa tangu chuo pamoja na mumewe. Majina nawahifadhia, maana bado nataka kula keki zao. Shosti ni mwokaji. Alianza na oveni moja nyumbani, akiokea majirani keki za siku ya kuzaliwa, na sasa ana jiko la kukodi huko Tabata, wasichana wawili wa kumsaidia na kijana wa bodaboda. Sendofu, kicheni pati, ubarikio, harusi, zote anapiga. Mumewe ni mtu wa kompyuta. Mchana ameajiriwa, usiku anaandika programu zake mwenyewe huku dunia nzima imelala.

"Shem, wewe si ndiye unayeandika mambo ya wapenzi?" akaniuliza kabla hata hajakaa. "Basi leo tuamulie."

Mie nikadhani kuna mwanamke wa nje. Kumbe kuna kamera!

Hadithi yenyewe ni hii. Mwaka jana wawili hawa walikubaliana kutoa akiba yao, shilingi milioni nne walizokuwa wanaziweka kwa ajili ya kiwanja, watengeneze programu ya kupanga oda za jikoni. Kishikwambi kinatundikwa ukutani, oda zote zinaonekana kama kadi: ya nani, keki gani, ngazi ngapi, inatakiwa saa ngapi. Keki ikishatoka, kadi yake inaondolewa. Ikifanya kazi vizuri kwa shosti, wataiuza kwa waokaji wengine mjini. Wazo zuri, tena la mke na mume, ndilo jambo ninalolipigia kelele kila siku kwenye safu hii.

Ugomvi ukaanzia kwenye kitu ambacho wewe na mimi tungekiona kidogo kabisa: hiyo kadi itaondolewaje?

Shosti alitaka kugusa. Kidole kwenye kioo, basi. Shemeji akasema hapana, mikono ya mwokaji muda wote ina unga, siagi na sukari ya kupambia, kioo kitachafuka na kitagoma. Akaenda kuchukua ile programu ambayo Google waliitoa bure mwaka 2019, inayotumia kamera ya kawaida na kutambua sehemu 21 za mkono wa mtu, kuanzia kiganja hadi ncha za vidole. Akakesha nayo wiki kadhaa. Matokeo yake: ukipunga mkono kuelekea kulia, kadi inaondoka. Ukiinua kiganja, kila kitu kinasimama. Hugusi chochote. Sebuleni kwao aliionyesha kwa wageni, kila mtu akapiga makofi. Hata mimi nilikuwepo na nilipiga makofi, nakiri.

"Nilimfanyia kwa mapenzi," shemeji akaniambia usiku ule, na sauti yake ilitosha kunifanya nimwamini. Kila siku alikuwa anamsikia mkewe akilalamika kwamba simu imejaa unga.

Sasa sikia kilichotokea. Ijumaa moja oda zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa keki ya sendofu ya ngazi tatu. Jikoni kuna joto, madirisha wazi, na penye sukari hapakosi nzi. Msichana mmoja akafukuza nzi. Mkono ukaenda kulia. Programu ikaona ishara, ikatii kama ilivyofundishwa, na kadi ya sendofu ikaenda zake. Hakuna mlio, hakuna swali, hakuna aliyeona. Jumamosi saa nane mchana mama mdogo wa bibi harusi akapiga simu kuuliza gari limefikia wapi.

Keki haikuwa hata imeokwa.

Wakavunja oda ya mtu mwingine, wakachukua ngazi mbili zilizokuwepo, wakapamba huku wanalia, wakafika ukumbini saa mbili na nusu usiku wakati watu wameshaanza kula. Nusu ya pesa ikarudishwa. Na yule mama mdogo ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama ambacho ndicho kinamletea shosti sehemu kubwa ya wateja wake. Tangu siku ile kikundi kipo kimya.

Usiku huo ndani ya nyumba yakasemwa yasiyosemeka. Yeye: "Unaipenda mashine yako kuliko kazi yangu." Bwana: "Wewe hukutaka ifanikiwe tangu mwanzo." Siku tatu wakawa wanaongea kupitia dada wa kazi. Mwambie baba chakula tayari. Mwambie mama nimeshakula.

Mimi mhariri wenu nilisoma mawasiliano chuoni, si kompyuta. Lakini kuna kitu kimoja tulichokaririshwa mwaka wa kwanza hadi kikatutoka masikioni: mrejesho. Ukituma ujumbe, utajuaje umefika? Mwaka 1948 mhandisi wa Marekani, Claude Shannon, alichapisha makala yake maarufu kuhusu mawasiliano, na humo akaweka neno ambalo walimu wetu walilipenda sana, kelele. Si kelele za muziki, hapana. Ni chochote kinachoingia njiani na kuharibu ujumbe. Nilipokuwa nawasikiliza wale wawili pale sebuleni nikajikuta nawaza kwamba yule nzi wa Ijumaa ni kelele kabisa, ya kitabuni!

Sikuwaamulia usiku ule. Niliwapa chai, nikawaomba wiki moja, nikaanza kuchimba.

Kumbe shemeji si wa kwanza kuumizwa na ishara za mikono. Wengi wetu tuliingia kwenye ndoto hii kupitia ile sinema ya mwaka 2002, Minority Report, pale Tom Cruise amevaa glavu anasukuma picha hewani kama anaongoza kwaya. Kuanzia hapo kila kampuni ilitaka kuwa hivyo. Microsoft walitoa Kinect mwezi Novemba 2010, kifaa cha michezo kinachouona mwili mzima wa mchezaji, na ndani ya siku 60 za mwanzo vikauzwa milioni nane. Mwaka 2017 walisimamisha utengenezaji wake. Mwaka 2013 kikaja kisanduku kidogo cha Leap Motion cha kuweka mbele ya kompyuta, dunia ikashangilia, halafu ikarudi kwenye kipanya chake. Google nao waliweka rada ndogo ndani ya simu ya Pixel 4 mwaka 2019 ili upunge mkono kubadilisha wimbo bila kugusa. Simu iliyofuata, ya 2020, ikatoka bila rada hiyo.

Wakati huohuo kioo cha kugusa kilikuwa kinazidi kuota mizizi. Wazo lenyewe ni la zamani, Mwingereza E. A. Johnson aliliandikia mwaka 1965, akifikiria kazi ya waongozaji wa ndege. Ila lililoingiza kugusa mifukoni mwetu ni iPhone, iliyotangazwa Januari 2007. Leo hata bibi kijijini anajua simu ya kupangusa ni ipi na kitochi ni kipi.

Kwa nini kimoja kilishinda na kingine kikabaki kwenye maonyesho? Sababu ya kwanza ni mkono wenyewe. Jaribu sasa hivi, mpenzi msomaji, nyoosha mkono mbele yako usawa wa bega, uubakize hapo huku unasoma aya hii. Unahisi? Wahandisi wana jina lake, wanauita mkono wa sokwe, kwa sababu baada ya muda unauona mzito na mkubwa kama si wako. Tom Cruise alikuwa analipwa. Mwokaji wa Tabata aliyesimama tangu saa kumi na moja alfajiri halipwi kwa hilo.

Ya pili ndiyo iliyowaponza marafiki zangu. Kidole kikiwa hakijagusa kioo, hakijasema kitu. Kimya ni kimya. Lakini mkono ulio hewani mbele ya kamera hauna kimya! Muda wote unasema kitu, na mashine lazima ibahatishe lipi ni agizo na lipi ni mtu anajikuna. Mashine ikiwa mkali sana inakataa ishara halali, nawe unabaki unapunga kama mwendawazimu. Ikiwa mpole inakubali hata nzi. Shemeji alikuwa ameilegeza, kwa sababu mara ya kwanza mkewe alipopunga mara nne bila majibu alinuna.

Tena sisi watu wa pwani na wa mjini tunaongea kwa mikono, tusidanganyane. Tunaita mtu kwa kiganja kilichoangalia chini, vidole vinachota hewa. Ukimwita mkubwa wako kwa kidole kimoja kilichopinda juu, umemtukana. Wapo watakaokuona huna adabu ukimwonyesha mtu njia kwa mkono wa kushoto. Mashine iliyofundishwa kwamba kiganja kilichoinuliwa ni "simama" imefundishwa lugha ya nani? Niliuweka mguu jikoni kwa shosti Jumatano moja, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kuanzia saa mbili hadi saa sita mchana nikitazama mikono tu. Yule msichana mdogo, kila kijana wa bodaboda anapochungulia mlangoni kuuliza kama mzigo uko tayari, humwinulia kiganja: subiri. Kila mara. Na kila mara kishikwambi nacho kilikuwa kinasimama, kinasubiri pamoja na bodaboda.

Nilicheka peke yangu. Shosti hakucheka.

Lakini sikiliza, mimi si mtetezi wa kioo pia. Niliona nacho kikigoma mbele ya macho yangu. Vioo vya simu za siku hizi havihisi nguvu ya kubonyeza, vinahisi umeme mdogo unaobadilika mwili wa mtu unapokaribia. Ndiyo maana ukivaa glavu ya kawaida hakikuoni, tone la maji linakichanganya kinajibofya chenyewe, na kidole kilichopakwa unga mkavu kinakuwa kama kimevaa soksi. Mama yangu mzazi, vidole vimekauka kwa miaka ya kufua na kulima, huwa anakipulizia kidole pumzi ndipo simu imtambue. Halafu mikono ya mtu mzima ikitetemeka ndio basi tena, anagusa namba mbili kwa mpigo.

Na kuna mahali kioo kimegharimu maisha. Agosti 2017 meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, mabaharia 10 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mpangilio wa usukani wa kwenye vioo vya kugusa uliwachanganya waliokuwa zamu. Mwaka 2019 jeshi lao la majini likatangaza linarudisha vishikio vya kushika kwa mkono kwenye meli za aina hiyo. Kioo ni laini, popote unapogusa panafanana. Jicho lako lisipokuwepo, kidole hakijui kiko wapi.

Ishara nazo zina mahali pake. Wapasuaji wa hospitali ya Sunnybrook, Toronto, mwaka 2011 walianza kutumia Kinect ileile ya michezo kuangalia picha za mgonjwa wakiwa katikati ya upasuaji, kwa sababu daktari aliyekwisha nawa na kuvaa glavu akigusa kompyuta lazima akanawe upya. Pale mtu akipunga, picha inayofuata inakuja. Picha isiyo sahihi ikija, anapunga tena. Hakuna aliyekufa.

Hapo ndipo nikaliona nililokuwa nalitafuta. Daktari anapunga kuangalia. Mpasuaji hapungi kukata! Shemeji yeye alikuwa ameweka mpungo kwenye kitendo kimoja ambacho kikikosewa hakirudi: kufuta.

Niliwaita tena Jumamosi iliyofuata, nikiwa na daftari langu na kujiona mjanja kweli. Nikaanza kusoma. Sikufika mbali, kwa sababu shosti alinikatisha.

"Mimi sijakataa ishara," akasema, na akamtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Nilikwambia siku ya kwanza kabisa. Nilisema nataka nione nimegusa. Wewe ukasikia sitaki kitu chako."

Shemeji alikaa kimya muda mrefu kidogo. Mimi nikafunga daftari.

Kisha akasema neno ambalo wanaume wengi wa makamo yake hulisema kwa shida: "Sikukuuliza kwa nini." Akaongeza kwamba tangu aanze kuandika ile programu hajawahi kukaa jikoni siku nzima. Alikuwa anafika jioni, pamefagiliwa, mikono imetulia. Jikoni alilolitengenezea programu lilikuwa la saa moja usiku.

Yaliyofuata yalikuwa ya kwao wawili, mimi nilikuwa namimina chai tu. Walichora nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi. Kupunga kutabaki kwenye kurasa za vipimo tu, pale mwokaji anapotaka kuona ukurasa unaofuata wa mapishi huku mikono imo kwenye bakuli. Ikikosea, unapunga kurudi. Kumaliza oda ni kugusa. Siyo kitufe cha ukubwa wa ncha ya kidole, hapana, kitufe kikubwa kama kiganja, ili kigongwe hata kwa kifundo cha kidole au kiwiko, sehemu ambazo hazina unga. Hilo la kiwiko lilitoka kwa shosti, na mimi nilishaliona kule jikoni: wasichana wanafungulia bomba kwa kiwiko, mlango wa friji kwa kiwiko, kila kitu kwa kiwiko. Na kadi ikigongwa haipotei. Inageuka rangi ya kijivu, inatoa mlio, na inakaa pale chini hadi kesho yake ikiwa na neno RUDISHA.

"Mlio gani?" shemeji akauliza.

"Wowote, ila usiwe wa simu yako. Huo nimeuchoka."

Wakacheka wote wawili. Sijui kama umewahi kuona watu wawili wakicheka pamoja baada ya siku kumi na moja za kununiana, lakini chumba chote hubadilika hewa.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekuwa asali. Katika zile milioni nne, zaidi ya nusu ilikuwa imeshakwenda, nyingi kwenye kamera nzuri, kishikwambi cha pili na kijana waliyemlipa kusaidia sehemu ya ishara. Kiwanja kimesogea mbele. Shosti alinipigia wiki iliyopita akaniambia bado akiona ile kamera ukutani moyo unamwuma, akaomba ushauri kama aseme au anyamaze. Nikamwambia aseme, lakini asiseme saa nne usiku mwenzake akiwa kwenye kompyuta. Na yule mama mdogo bado hajapiga. Shosti alimpelekea keki ndogo ya ndimu nyumbani kwake bila oda wala risiti, akapokewa vizuri, akapewa juisi, keki ikasifiwa. Kuhusu kikundi hakuna aliyegusia.

Juzi nilipita jikoni kuchukua keki ya ofisi. Programu mpya ilikuwa ukutani, kioo kimejaa alama za viwiko. Nikachungulia mlangoni nikauliza kama mzigo wangu uko tayari. Yule msichana mdogo, bila hata kuniangalia, akaniinulia kiganja. Kishikwambi kikaendelea na kazi zake, nikasubiri peke yangu.

Wivu tutauzungumza mwezi ujao, nimeshaufungia ndani.